Hao Washirika Wenu ni Akina Nani? Kuhusu Masharti ya Programu na Imani ya Watumiaji

(Hotuba iliyotolewa jijini Mwanza mbele ya viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, wafanyabiashara wa mazao ya ziwa na vijana watengenezaji wa programu. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, wafanyabiashara wetu wa Mwaloni Kirumba na wale mliovuka maji kutoka Ukerewe na Kome, vijana wetu mnaotengeneza programu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Barua ya mwaliko niliyoletewa ilinitaka nieleze kwa nini wananchi hawaziamini programu za simu, na nini kifanyike ili wazikubali. Naomba ruhusa nilirekebishe swali hilo kabla sijalijibu. Jinsi lilivyoandikwa, linachukulia kwamba kasoro iko kwa mwananchi: kwamba ana hofu isiyo na msingi, na kwamba kazi yetu sisi tuliosoma ni kumwondolea hofu hiyo kwa semina na vipeperushi. Mimi naona kinyume chake. Mtu anayekataa kuweka sahihi chini ya maandishi asiyoyaelewa anafanya jambo la busara, na mtu huyo tungemsifu kama maandishi yenyewe yangekuwa hati ya kiwanja. Anayepaswa kubadilika kwanza ni yule aliyeyaandika.

Sote tunaifahamu sentensi ambayo mtangazaji wa redio huitamka mwishoni mwa tangazo kwa kasi ya mtu anayekimbizwa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Tumeisikia hadi watoto wanaitumia kwa utani. Sijawahi kukutana na msikilizaji aliyekwenda kuvitafuta vigezo hivyo ili avisome, wala sidhani kama aliyelipia tangazo alitarajia vitafutwe. Kwenye simu mambo ni hayohayo, tofauti ni kwamba huku unatakiwa ubonyeze kuthibitisha kwamba umesoma.

Kusoma kwenyewe kungewezekana? Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, Aleecia McDonald na Lorrie Cranor, walikokotoa muda ambao mtu angehitaji kusoma sera za faragha za tovuti zote anazozitembelea katika mwaka mmoja. Walipata wastani wa saa 201, ambazo kwa mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku ni zaidi ya siku 25 za kazi. Hesabu hiyo ilifanywa kabla simu janja hazijaenea, na iliwahusu watu wanaosoma kwa lugha yao wenyewe. Miaka michache baadaye Jonathan Obar na Anne Oeldorf-Hirsch walibuni mtandao wa kijamii usiokuwepo, wakauita NameDrop, na ndani ya masharti yake wakaweka kifungu kinachosema kwamba mtumiaji atalipia huduma kwa kumtoa mtoto wake wa kwanza. Waliojaribiwa walikuwa wanafunzi 543 wa chuo kikuu. Asilimia 98 hawakukiona kifungu hicho. Nawataja wanafunzi hao kwa sababu huwa tunasikia kwamba tatizo la masharti ni tatizo la watu wasiosoma.

Na hapa kwetu mara nyingi anayebonyeza siye mwenye simu. Nendeni kwenye maduka ya simu ya katikati ya jiji mkaangalie mauzo yanavyofanyika. Muuzaji anafungua boksi, anaiwasha simu, anatengeneza akaunti ya barua pepe ambayo mnunuzi hatakaa akumbuke nywila yake, anapakua programu zile za kawaida, na kila kidirisha kinapotokea anabonyeza "Nakubali" bila hata kukitazama, kwa sababu nyuma kuna wateja wengine wanasubiri. Mnunuzi anapokabidhiwa simu yake, tayari ameshaingia mikataba na kampuni kadhaa za ng'ambo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema katika kifungu cha 13 kwamba watu wawili au zaidi wanahesabiwa kuwa wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya jambo lilelile kwa maana ileile. Nawaachia wanasheria waliomo ukumbini watuambie kama kilichofanyika pale dukani kinafikia hapo.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha ukanda huu wa ziwa. Chama kilikuwa kimenunua programu ya kuangalia salio na kuomba mkopo kwa simu, fedha zilikuwa zimeshalipwa, lakini wanachama walikuwa hawajiandikishi, na uongozi ulianza kuwalaumu kwa ushamba. Kijana aliyeleta programu hiyo akasimama, akaonyesha ukutani ukurasa wa masharti, akaupitisha haraka kwa kidole. Mama mmoja, mnunuzi wa dagaa wa siku nyingi, akamwomba arudi nyuma kidogo. Akasema: "Mwanangu, hapo umeandika kwamba mnaweza kuwapa taarifa zangu washirika wenu. Hao washirika wenu ni akina nani?"

Kijana akajibu kwa heshima kwamba hayo ni maneno ya kawaida, kila programu inayo.

"Sijauliza kama ni ya kawaida, mwanangu. Nimeuliza ni akina nani."

Kijana hakujua. Sidhani kama alikuwa anaficha kitu. Masharti yale yalikuwa yamenakiliwa kutoka kwenye programu ya nchi nyingine, na ukurasa wa mwisho ulisema kwamba mgogoro wowote utapelekwa kwenye mahakama za jimbo mojawapo la Marekani. Hebu fikirieni mchuuzi wa dagaa anayedai shilingi elfu arobaini zilizokatwa kimakosa akifungua kesi huko.

Swali la mama yule lina jibu, na ni vizuri tukalijua. Programu nyingi haziandikwi zote na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtengenezaji huchukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na kampuni nyingine, kimoja cha kuonyesha matangazo, kingine cha kuhesabu watumiaji, kingine cha kutoa taarifa programu inapokwama, akavipachika ndani ya kazi yake. Vipande hivyo vina mabwana zake, na kila kimoja kinaweza kuwa kinatuma kitu kwa bwana wake: aina ya simu, namba ya utambulisho wa kifaa, wakati mwingine mahali ulipo. Kwa hiyo mtengenezaji mwadilifu kabisa anaweza asijue programu yake inapeleka nini wapi, na anapoandika "washirika wetu" anaficha kutojua kwake mwenyewe.

Kielelezo chake ni cha zamani lakini bado kinafaa. Desemba 2013 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza shauri dhidi ya watengenezaji wa programu iliyoitwa Brightest Flashlight, ambayo kazi yake ilikuwa kuigeuza simu kuwa tochi, na ambayo ilikuwa imepakuliwa mara makumi ya mamilioni. Tochi haihitaji kujua uko Nyegezi au Igoma ili iwake. Hata hivyo programu ile ilikuwa inawapelekea watangazaji mahali alipo mtumiaji pamoja na namba ya utambulisho wa simu yake. Ilimpa mtumiaji nafasi ya kukataa, ila taarifa zilitumwa bila kujali alichochagua.

Sasa niseme juu ya jambo linalowauma wengi mliomo humu, maana siwezi kuzungumzia imani mbele ya watu wa Mwanza nikaliruka. Ni mikopo ya mtandaoni, ndugu yake na ile tuliyoizoea mitaani kwa jina la kausha damu. Mtu anapakua programu akiwa na shida ya ada au ya mafuta ya injini, programu inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yaliyomo kwenye simu, anabonyeza ili apate elfu hamsini. Akichelewa kulipa, mkwe wake, mchungaji wake, mteja wake wa Kahama na mwenyekiti wa mtaa wanapokea ujumbe kwamba fulani ni tapeli, wamhimize alipe. Watu wale wote hawakukopa, hawakudhamini, wala hawakuulizwa kama namba zao ziende kwa mkopeshaji. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya hapo, Google ilishazuia programu za mikopo binafsi zilizomo kwenye duka lake zisifikie majina na picha za mtumiaji, kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Lakini programu inayosambazwa kwa kiungo cha WhatsApp, nje ya duka hilo, haiguswi na kanuni hiyo, na ninyi wenyewe mnajua viungo hivyo vinavyozunguka kwenye makundi.

Wapo wanaosema kwamba wananchi wameshaumizwa na wachache, basi sasa wanawaogopa wote, na husindikiza maneno yao kwa methali: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Methali ni nzuri, ila hapa haikai sawasawa. Ung'ong'o haugeuki nyoka usiku. Masharti ya programu hugeuka, na yenyewe yanatuambia hivyo waziwazi: "tunaweza kubadilisha masharti haya wakati wowote, na kuendelea kutumia huduma kutahesabiwa kuwa umeyakubali." Aliyeandika kifungu hicho hana haki ya kumshangaa anayeshtuka.

Naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu vijana watengenezaji mnahitaji kuona kwamba maandishi mabovu yanawaumiza hata wale ambao hawakukusudia ubaya. Wengi katika redio zetu na katika studio za kurekodi kwaya wanaifahamu Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Mwaka 2021 ilichukuliwa na kampuni ya Muse Group, na Julai mwaka huo ikatoa tangazo jipya la faragha. Ndani yake iliandikwa kwamba wanaweza kukusanya taarifa zinazohitajika kwa ajili ya vyombo vya dola na mashauri ya mahakamani, bila kueleza ni taarifa zipi, na kwamba walio chini ya miaka 13 wasiitumie. Watumiaji waliwaka. Waliiita programu ya kijasusi, na wengine wakasema, kwa haki, kwamba leseni huria ya programu hiyo hairuhusu kumzuia mtu yeyote kuitumia. Kampuni ikaomba radhi, ikaeleza kwamba kinachotumwa ni anwani ya intaneti programu inapoangalia kama kuna toleo jipya, na taarifa za hitilafu pale mtumiaji mwenyewe anapokubali kuzituma, kisha ikaandika tangazo upya. Programu ilikuwa inachukua kidogo. Maandishi yalikuwa yamejipa ruhusa ya kuchukua mengi mno. Msomaji alihukumu maandishi, na angewezaje kuhukumu kingine?

Yaliyoipata Firefox, kivinjari cha intaneti cha Mozilla, Februari 2025 yanafanana na hayo. Mozilla ilileta masharti ya matumizi yenye sentensi iliyosomeka kana kwamba mtumiaji anaipa kampuni leseni ya kutumia kila anachokiandika kupitia kivinjari hicho, na wakati huohuo ikaondoa mahali fulani ahadi yake ya zamani kwamba haiuzi taarifa za watu. Baada ya siku chache za malalamiko sentensi ikaandikwa upya. Na WhatsApp mnaikumbuka, maana hata huku watu walitumiana jumbe za kuhimizana kuhama. Januari 2021 iliwataka watumiaji wakubali masharti mapya kufikia tarehe 8 Februari, la sivyo wangeikosa huduma. Sehemu kubwa ya mabadiliko ilihusu mawasiliano kati ya watu na biashara, na jumbe za mtu kwa mtu ziliendelea kufungwa kwa usimbaji, yaani fumbo ambalo aliyetuma na aliyepokea pekee wanaweza kulifungua, kama zilivyokuwa tangu 2016. Lakini watu walielewa kwamba Facebook, kampuni inayoimiliki, inakuja kusoma jumbe zao, mamilioni wakakimbilia Signal na Telegram, na kampuni ikalazimika kusogeza tarehe hadi 15 Mei. Ilidai kwamba watu wameelewa vibaya. Septemba mwaka huohuo, katika uchunguzi ulioanza tangu 2018, mdhibiti wa Ireland aliitoza faini ya euro milioni 225 kwa kutowaeleza watu kwa uwazi taarifa zao zinavyotumika. Mtu asiyeeleza kwa uwazi asiseme ameeleweka vibaya.

Kuhusu sheria yetu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mada inayofuata ni ya sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali lililotajwa, zisizidi zinazohitajika kwa lengo hilo, na mhusika aelezwe zinachukuliwa kwa ajili gani. Ana haki ya kuziona, kuzisahihisha, na kupeleka malalamiko kwenye Tume. Ninyi viongozi wa vyama, hata kama programu mmenunua kwa mtu, taarifa za wanachama wenu mnazikusanya ninyi, na msitegemee kumwelekezea kidole kijana wa programu.

Vijana wengi huniambia kwamba wakiandika kila kitu wazi watawatisha watu, na kwamba mwanasheria aliwaambia waandike kwa upana ili wawe salama. Hoja ya pili naiheshimu, lakini haina nguvu kama wanavyodhani: maneno yenye utata katika mkataba kwa desturi hutafsiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Kuhusu hofu, jaribuni kuwasomea wanachama maandishi haya mawili. La kwanza: "Tunaweza kukusanya na kushirikisha taarifa zako kwa washirika wetu ili kuboresha huduma." La pili: "Tunachukua jina lako, namba yako ya simu na namba ya kitambulisho chako cha taifa. Namba ya simu tunaitumia kukutumia salio na kukukumbusha rejesho. Namba ya kitambulisho tunaitumia kuhakikisha kwamba wewe ndiye mwanachama. Hatusomi orodha ya majina yaliyomo kwenye simu yako wala picha zako. Kumbukumbu zinatunzwa na kampuni hii, katika mji huu. Ukijitoa kwenye chama tunazifuta, isipokuwa zile za mikopo ambazo sheria inatutaka tuzitunze kwa muda." La pili ni refu zaidi, na lina mambo ambayo mtu anaweza kuyakataa. Hiyo ndiyo faida yake: anayekubali baada ya kulisikia amekubali kitu kinachojulikana. Nalo haliwezi kuandikwa na mtu asiyejua programu yake inafanya nini, kwa hiyo litamlazimisha mtengenezaji aende kukagua vile vipande alivyovipachika.

Kukataa nako kuwe na maana. Tangu toleo la 6 la Android, mfumo unaoendesha simu nyingi, la mwaka 2015, simu humuuliza mtumiaji ruhusa pale programu inapotaka kamera, majina au mahali, lakini programu nyingi zimejibu kwa ujanja: ukikataa tu, zinajifunga. Programu ya salio haina sababu ya kujifunga kwa kunyimwa orodha ya majina. Kama yenu inafanya hivyo, iondoeni ruhusa hiyo kabla hamjaandika neno lolote la masharti.

Na kwa ndugu zetu wa mialoni kuna taarifa ambayo watu wa mjini hawaioni kuwa ni siri. Programu ya kuandika mavuno ikiwa inanukuu mahali mtumbwi ulipo kila usiku, baada ya msimu mmoja itakuwa imechora maeneo ambayo mvuvi wa dagaa ameyajua kwa miaka na hamwambii hata shemeji yake. Wataniambia kwamba majina yanaondolewa. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya Strava, ambayo programu yake hurekodi njia za wanaokimbia kupitia simu au saa za mkononi, ilichapisha ramani ya dunia ya mazoezi ya watumiaji wake, bila jina hata moja, na Januari 2018 watu wakagundua kwamba ramani hiyo inaonyesha kambi za kijeshi, kwa kuwa askari walikuwa wakikimbia kuzizunguka wakiwa na vifaa hivyo mikononi. Mvuvi anayeuliza ramani ya mtumbwi wake ataiona nani ameuliza swali ambalo jeshi lenye bajeti kubwa lilichelewa kuliuliza.

Ndugu Mwenyekiti, nimepewa nakala ya masharti ya programu ambayo baadhi ya vyama vilivyomo humu vinakusudia kuanza kuitumia, na aliyeyaandika yupo ukumbini, amekubali tuyasome pamoja, jambo ambalo nampongeza nalo. Kifungu cha nne kinasema taarifa zitatumika "kwa madhumuni halali ya kibiashara." Napendekeza tuanzie hapo. Ningeomba kipaza sauti kipelekwe kwanza kwa akina mama walioketi nyuma, waulize wanachotaka kuuliza, wanasheria watafuata.